Mche wa Sabuni na Pia ya Mtoto

Haya niliyasema Jumamosi moja kwenye ukumbi wa shule ya msingi hapa Moshi, mbele ya wazazi, walimu, mafundi wachache na watoto wa darasa la tano hadi la saba. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu pale nilipokohoa, na pale spika ilipokatika nikabaki ninapiga kelele kama konda.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, mafundi mliofunga karakana zenu asubuhi hii kwa ajili yetu, na ninyi watoto mlioketi chini hapo mbele.

(Shikamoo mwalimu!)

Marahaba wanangu.

Mwalimu mkuu alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Akasema, "Mama, watoto wanaanguka kwenye maumbo. Eneo la mstatili wanalimudu, ukiwapeleka kwenye ujazo wa mche duara wanapotea." Nikamwuliza, mnawafundishia nini? Akasema ubao na chaki. Nikamwambia nakuja, ila niwekeeni meza, kisu cha jikoni, miche miwili ya sabuni, karoti, maharage kilo mbili na karatasi za kuandikia. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza kwa adabu kama ninakuja kufundisha hisabati au kupika.

Tuanze na sabuni. Watoto, hiki ni nini?

(Sabuni!)

Ukitumwa dukani kwa Mangi unaombaje?

(Mche wa sabuni!)

Naam. Na kitabu chenu cha hisabati kina mche mraba, mche mstatili, mche duara, mche pembetatu. Mmewahi kujiuliza kwa nini ni neno lile lile? Tazameni. Mangi anachukua kisu, anakata hapa. Sura ya mkato huu ni mraba. Anakata tena hapa katikati: mraba ule ule. Anakata karibu na mwisho: mraba ule ule, haukukua wala haukupungua. Hiyo ndiyo maana ya mche. Ni umbo ambalo ukilikata kwa kufuata kitako chake, popote pale, unakutana na sura moja. Mwenye pesa pungufu akija, Mangi anampunguzia urefu tu, sura ya mkato haiguswi. Ndiyo maana ujazo wa mche wowote ni eneo la mkato mara urefu. Mtoto aliyewahi kutumwa nusu mche ameshaitumia kanuni hiyo, ila hakuna aliyemwambia.

Sasa hii hapa. Nimekata pembetatu mraba ya karatasi, nikaibandika kwenye chelewa la ufagio kwa mmoja wa pande zake mbili zinazofanya pembe mraba. Naliweka chelewa kati ya viganja, nalisokota kama mtu anayepekecha moto. Mnaona nini?

(Kimya. Halafu mtoto mmoja nyuma: Pia!)

Umesema sawasawa, mwanangu. Pia. Wazee wenzangu hapa wanakumbuka pia ya kuchonga, tuliyoizungushia kamba tukaivuta ikacheza chini hadi mtu akaitwa mara tatu nyumbani asisikie. Sisi kule Kibosho tulichonga kwa mti wa mpera. Kitu kinachozunguka kinaitwa pia, na umbo linalozaliwa pembetatu ikizungushwa linaitwa pia. Badilisha, chelewa lishike ule upande wa pili wa pembe mraba, pembetatu ile ile inakupa pia nyingine, fupi na pana zaidi. Weka mstatili, unapata mche duara. Weka nusu duara, unapata tufe. Mkerezaji wa mbao anafanya hivyo hivyo anapotengeneza miguu ya viti: patasi yake inafuata mstari mmoja tu, mzunguko wa mashine ndio unaoumaliza mguu.

Naomba niseme jambo la pembeni kabla sijasahau. Mtoto wetu anasoma miaka saba na mche, pia na tufe, maneno yanayojieleza yenyewe. Akifika kidato cha kwanza anapewa majina mengine ya Kiingereza, na hakuna anayempitisha kwenye daraja. Wengi huanza kukariri hapo. Sisemi Kiingereza kiondoke. Nasema mwalimu wa kidato cha kwanza hapotezi chochote akiingia darasani na kipande cha sabuni.

Sasa niwasimulie aibu yangu.

Ilikuwa 1983, nina mwaka wa pili kazini. Jiko la shule niliyokuwa nafundisha lilikuwa na dohani isiyo na kofia. Mvua ikinyesha, maji yanashuka moja kwa moja motoni, wapishi wanalia na uji unachelewa. Ikaamuliwa mwalimu wa hesabu apige vipimo vya kofia ya bati. Mnakumbuka bati la miaka ile, lilitafutwa kama dawa. Tulipata moja tu, bati bapa lisilo na migongo, na nikaambiwa nilitunze kama mtoto.

Usiku nikakaa na daftari na kibatari. Kofia iwe pia, kitako chake kipenyo sentimita 60, kimo sentimita 40. Mlalo wa ubavu nikaupata kwa kanuni ya pembetatu mraba: 30 na 40 zinazaa 50. Eneo la ubavu, 3.14 mara 30 mara 50, sentimita za mraba 4,710. Nikapiga na ujazo, ambao hakuna mtu aliyeuomba. Kila jibu lilikuwa sahihi. Nikalala nimeridhika.

Asubuhi nikachukua chaki nikachora juu ya bati lile umbo nililokuwa nalichora ubaoni kila nikifundisha pia: pembetatu, kitako 60, kimo 40. Nikapanga kuchora mbili, moja iwe mbele, nyingine nyuma. Ya kwanza nikaikata kwa mkono wangu ili kumpunguzia fundi kazi.

(Mafundi wakaanza kucheka kabla sijamaliza.)

Chekeni tu. Fundi bati niliyempelekea, pale karibu na soko la Mbuyuni, yeye hakucheka. Aliishika ile pembetatu, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni picha ya pia. Pia yenyewe iko wapi?"

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini na sijasahau swali hilo.

Akaniambia kaa hapo kwenye kigoda. Akasimamisha kijiti cha sentimita 40, akalaza kingine cha 30 kutoka kwenye shina lake, akavuta futi kamba kutoka ncha hadi ncha: 50. Mimi niliipata kwa kipeo cha pili na kipeuo, yeye kwa vijiti viwili. Akapigilia msumari kwenye bati lililobaki, akafunga uzi wa sentimita 50, na mwisho wa uzi akafunga msumari mwingine uliochongoka. Akauzungusha huku ukikwaruza bati, krrrr, ukaacha tao zuri. Halafu akachora chini kwenye vumbi duara la kitako, akalifuata kwa waya mwembamba hadi ulipokutana. Akaukata, akaunyoosha, akaja kuulaza juu ya lile tao kidogo kidogo kwa kidole gumba, kama mtu anayelaza mshono. Waya ulipoishia akatia alama. Akaongeza upana wa vidole viwili kwa ajili ya kikunjo cha kuungia. Akachukua mkasi wa bati, akakata kutoka alama hadi kwenye msumari.

Alichokitoa kilifanana na pande la chapati. Kilichobaki ndicho akakikunja juu ya goti, kingo mbili zikakutana, akazifumbata, akazigonga kwa nyundo ya mbao. Kofia ikasimama.

Hakutaja pai hata mara moja. Jioni nikarudi kwenye daftari langu. Mzingo wa kitako ni sentimita 188 na ushei. Duara zima la nusu kipenyo 50 lina mzingo wa 314. Kwa hiyo kinachotakiwa ni sehemu 6 kati ya 10 za duara, yaani nyuzi 216 kati ya 360. Pande la kutupa linapaswa kuwa nyuzi 144. Nilikuwa nimeliomba lile pande lake, nikalipima kwa protrakta: nyuzi 144 kasoro kidogo, na hiyo kasoro ni kikunjo.

Wazazi, mimi nilikuwa na kanuni zote za pia na sikuwa nimewahi kuifumua hata moja. Tangu siku ile nimeamini, na ndicho kilichonileta hapa leo, kwamba mtoto hawezi kuujua ujazo wa kitu ambacho hajakifumua kikawa bapa, au hajakikata akaona ndani. Mkasi na kisu vitangulie. Kanuni ije baadaye, na ikija itamkuta mwenyeji.

Haya, tupige kura. Karatasi mbili za kawaida za kuandikia, kila moja sentimita 21 kwa 29.7. Hii naiviringisha kwa urefu, inakuwa mche duara mrefu mwembamba. Hii naiviringisha kwa upana, inakuwa fupi nene. Nimezibana kwa gundi bila kingo kupandana. Karatasi ni ile ile, eneo ni lile lile. Ipi inabeba maharage mengi?

(Mikono ya walio wengi ikasema ni sawasawa. Wachache wakasema ndefu. Mama mmoja mstari wa tatu akasimama.)

Sema mama.

("Fupi, mwalimu. Mimi nauza nafaka sokoni. Kopo refu jembamba tunalijua ni la kazi gani." Ukumbi ukavunjika mbavu.)

Basi tumwachie kesi hiyo na wateja wake. Nasimamisha ile nyembamba ndani ya ile nene. Mwanangu, njoo ujaze maharage kwenye nyembamba hadi juu kabisa. Usiweke lumbesa, futa kwa kiganja. Vizuri. Sasa naivuta juu taratibu… maharage yanashuka, yanatambaa pembeni… Pimeni yamefika wapi. Sentimita ngapi?

("Kumi na tano kasoro, mwalimu.")

Kimo cha karatasi ni 21, maharage yamekomea chini kidogo ya 15. Nene inabeba sentimita za ujazo 1,474 hivi, nyembamba 1,042. Sababu yake ni kwamba upana unaingia mara mbili kwenye hesabu, kwa kuwa mkato ni duara na eneo la duara ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, lakini kimo kinaingia mara moja tu. Mama wa nafaka hakuihitaji sentensi hiyo. Watoto wanaihitaji, na leo wataikumbuka kwa sababu ya maharage.

Kwenye maboksi nitapita haraka kwa kuwa kazi hii mtaifanya nyumbani. Chukua boksi la dawa ya meno, lifumue kwenye gundi, litandaze. Karatasi hiyo iliyotandazwa tunaiita wavu wa umbo. Mchemraba una nyuso sita, kwa hiyo wavu wake ni miraba sita iliyoshikana ubavu kwa ubavu. Kila mtu anaujua ule wa msalaba. Lakini miraba sita inaweza kuunganishwa kwa namna 35, na kati ya hizo 11 tu ndizo zikikunjwa zinafunga mchemraba. Kuigeuza au kuipindua hatuhesabu kuwa namna mpya. Ukiipanga yote sita kwenye mstari mmoja itajizungusha kama mkanda wa suruali, juu wazi na chini wazi. Darasa la sita, nawaachia mtafute zote kumi na moja. Msiziangalie kwenye simu ya baba.

Na msidhani mambo haya yamekwisha. Mchoraji Albrecht Dürer wa Ujerumani alichapa nyavu za maumbo namna hii mwaka 1525. Miaka 450 baadaye, 1975, mwanahisabati Mwingereza, Geoffrey Shephard, akauliza swali la kitoto kabisa: kila umbo la nyuso bapa lisilo na bonde, je, linaweza kukatwa kwenye kingo zake likatandazwa kipande kimoja bila sehemu yoyote kuipanda nyingine? Hakuna hadi leo aliyethibitisha kwamba ndiyo. Wala hakuna aliyeleta hata umbo moja linalokataa. Mkasi na karatasi, na wakubwa wa dunia wamekwama.

Tufe nalo halikubali kabisa. Bandua ganda la chungwa, lilaze mezani, libonyeze: litachanika. Mjerumani mwingine, Gauss, alionyesha mwaka 1827 kwa nini halina namna, na ndiyo sababu kila ramani ya dunia ukutani inadanganya mahali fulani. Mpira wa vipande vyeusi na vyeupe, ule uliotumika Kombe la Dunia la 1970 kule Meksiko, unakwepa tatizo hilo kwa vipande bapa 32, vyeusi 12 vya pande tano na vyeupe 20 vya pande sita. Upepo ndio unaoukamilisha. Watoto wa chandimu wanatumia mifuko na kamba, wanafika karibu vilevile.

Sasa kisu.

Karoti hii ni pia, si kamili lakini inatosha. Naikata sawa na kitako chake: duara. Kila nikishuka kuelekea nchani duara linapungua, na hapo ndipo karoti inapoachana na mche wa sabuni. Sasa nakilaza kisu kidogo. Mnaona? Duara limevutika. Hilo ni duaradufu, na mama yeyote anayekata karoti za pilau kwa mshazari ameshakata mamia. Sasa nakilaza zaidi, hadi kisu kiwe sambamba na ubavu wa upande wa pili. Mkato huu haujifungi tena, unatokea kwenye kitako. Hiyo ni parabola. Nikisimamisha kisu zaidi ya hapo, kwenda chini karibu wima, napata haipabola. Karoti moja, kisu kimoja, mistari minne, na tofauti ni mlalo wa mkono tu.

Mgiriki aitwaye Apollonius wa Perga aliandika juu ya mikato hii ya pia yapata miaka 2,200 iliyopita, vitabu vinane. Vinne vimetufikia kwa Kigiriki. Vitatu vilisalimika kwa sababu Waarabu walivitafsiri, vya Kigiriki vikapotea. Cha nane kimepotea kabisa. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mikato hiyo ingefika hadi angani. Mwaka 1609 mwanaastronomia Mjerumani, Kepler, akatangaza kwamba Mirihi inalizunguka jua kwa njia ya duaradufu. Na parabola mnayo juu ya paa: zungusha parabola kama tulivyozungusha pembetatu kwenye chelewa, unapata ungo wa televisheni. Mawimbi yote yanayoingia yamenyooka yanarudishwa kwenye nukta moja, pale kilipofungwa kile kichwa. Fundi akikosea ile nukta, mechi haionekani.

(Kelele za vijana.)

Mkitoka nje, kama mawingu yataturuhusu, tazameni mlima wetu, Kilimanjaro, na vilele vyake vya Kibo na Mawenzi. Ramani zake zina mistari ya kontua, na watoto wengi wanaiogopa kama maandishi ya mganga. Lakini kila mstari ni mkato. Fikirini kisu kikubwa kinachopita usawa wa mita 5,500 juu ya bahari. Kinagusa nini? Kibo peke yake, kwa kuwa Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi ina 5,149. Ramani inaonyesha kipande kimoja. Shusha kisu hadi mita 5,000: sasa ni vipande viwili vilivyotengana, kimoja kikubwa cha mviringo na kingine kidogo chenye meno. Shusha hadi 4,000: vimeshikana, kwa sababu umeshapita chini ya lile tandiko, ile tambarare ya juu iliyo katikati yao. Mtoto anayeyaona hayo kichwani ameshaijua ramani.

Jirani zetu wa Arusha wana mkato mzuri kuliko wetu, nakiri. Meru, mlima wao, ina mita 4,562, lakini ubavu wake wa mashariki ulibomoka zamani. Ikate kwenye mita 3,000, hupati duara. Unapata umbo la herufi C, mdomo umeelekea mashariki, na ndani ya mdomo kuna kiduara: ile pia ya majivu iliyoota baadaye.

Kuna mikato mingine ambayo haihitaji kisu, na heri yake. Mgonjwa anayeingizwa kwenye sitiskani anakatwa kwa eksirei, slesi baada ya slesi kama mkate, na hapotezi hata tone la damu. Mashine inapiga kutoka pande nyingi, kompyuta inapiga hesabu, daktari anaona mkato wa kichwa. Mgonjwa wa kwanza alipimwa hivyo London, Oktoba 1971, kwa mashine ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Ni mwaka ule ule ambao hospitali ya KCMC ilifunguliwa hapa kwetu. Hesabu za namna hiyo ya kuona zilikuwa zimepigwa pia na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na mwaka 1979 wawili hao wakagawana Nobeli ya tiba. Daktari anayesoma picha zile anafanya kazi ya kurudi nyuma: anapewa mikato bapa, anajenga umbo kichwani. Fundi wangu wa Mbuyuni alipewa umbo akatafuta ubapa wake. Mmoja anakwenda, mwingine anarudi, njia ni moja.

Namalizia pale nilipoanzia, kwenye sabuni, halafu mnaweza kula.

Nimepima upana wa mche huu, nikaukata pale urefu ulipolingana na upana. Kwa hiyo nina mchemraba, karibu sentimita sita kila ukingo. Darasa la saba, nikiukata kwa kisu kilichonyooka, pigo moja, naweza kupata sura gani?

("Mraba!" "Mstatili!")

Mraba ndiyo, kama Mangi. Mstatili ndiyo, nikikata kutoka ukingo wa juu kwenda ukingo wa chini ulio mkabala. Na nikiikwangua kona hii? Tazama: pembetatu. Kisu kimepita kwenye nyuso tatu, kila uso umeacha upande mmoja. Nikishusha kisu na kukilaza vizuri kinapita nyuso tano, napata pande tano. Sasa huu wa pili, msogee karibu.

Nachagua kona moja. Nachagua na iliyo mbali nayo kuliko zote, ile ya mkabala. Mchemraba una kingo kumi na mbili. Tatu zinaigusa kona ya kwanza, tatu zinaigusa ya pili. Zinabaki ngapi? Sita. Zinauzunguka mchemraba kama barabara ya kupanda Marangu, kona baada ya kona. Kwenye kila moja ya hizo sita natia nukta katikati, sentimita tatu kutoka mwisho. Sasa nasimamisha kisu kipite kwenye nukta zote sita. Mwalimu mkuu, nishikie hapa. Kisu cha jikoni kwenu ni butu, lakini sabuni ni laini…

(Sabuni ikaachia. Nikainua nusu moja juu.)

Hesabuni pande.

("Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita!")

Pande sita, zote sawa, sentimita nne na robo hivi kila moja. Ndani ya boksi la miraba mitupu tumekuta chumba cha mzinga wa nyuki. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilikata sabuni tatu za mume wangu kuhakikisha.

Ndiyo, binti, nimeuona mkono wako.

("Mwalimu, na pande saba?")

Unafikirije wewe mwenyewe? Njoo uishike. Kila upande wa mkato umetoka wapi?

(Akaigeuza sabuni kwa muda. Ukumbi ukanyamaza kumsubiri. "Kila upande ni uso mmoja. Sabuni ina nyuso sita. Haina uso wa saba.")

Umemsikia, mwalimu mkuu? Huyo hana tatizo na maumbo.

Haya, kisu ni kimoja kwa hiyo tupange foleni, wadogo mbele, na mtu mzima asimame karibu na kila anayekata. Mabaki ya sabuni yasitupwe, wapishi wameyaomba kwa ajili ya masufuria. Na ile karoti naona kuna mtu ameshaila.